Maisha ya Kardinali Johannes de Jong, Askofu Mkuu wa Utrecht (1885–1955)



Siku ya jubilei watu hawawakumbuki wazee wa nyumba yao peke yake. Huwakumbuka pia wazee wa mahali pengine, ambao imani yao imewafaa wengi. Wamisionari wengi waliofika katika nchi yetu ya Kongo walizaliwa Uholanzi. Matendo yao tuliyaona na mafundisho yao tuliyasikia, lakini habari za Eklezya iliyowalea tunazijua kidogo tu. Kwa hiyo tumependa kueleza hapa maisha ya mchungaji mmoja wa nchi ile, Kardinali Johannes de Jong. Yeye aliongoza Eklezya katika miaka ya vita. Wakati ule Wakatoliki na Waprotestanti wa Uholanzi, waliokuwa wamekaa siku nyingi kama vijiji viwili visivyoombana hata moto, walisimama pamoja mbele ya mwenye nguvu na kumwambia neno moja. Neno lile lilikuwa la haki, lakini lililipiwa kwa damu, na waliolipa si wale waliolisema. Ndiyo sababu habari hii yafaa kusomwa polepole.

Nchi iliyogawanyika

Injili ilifika Uholanzi katika mwaka 690, alipovuka bahari mtawa Willibrord kutoka Uingereza kuwahubiria watu wa kabila la Wafrisia. Kiti chake cha uaskofu kilikuwa Utrecht. Kwa miaka mia nyingi nchi ile ilikuwa na Eklezya moja. Lakini katika karne ya 16 palitokea mageuzi ya dini, tena palitokea vita vya Waholanzi na mfalme wa Hispania. Wafuasi wa mafundisho ya Kalvini walipata nguvu, makanisa yakawa yao, na Wakatoliki wakakatazwa kuabudu waziwazi. Kwa miaka wapata mia mbili walisoma Misa yao katika nyumba za watu na katika vyumba vya juu, bila kengele na bila mnara.

Mwaka 1853 Papa Pius IX aliirudishia Uholanzi daraja la maaskofu, na Utrecht ikawa tena makao ya askofu mkuu. Waprotestanti wengi walikasirika, wakampelekea mfalme malalamiko yao, hata serikali ya waziri Thorbecke ikaanguka. Lakini maaskofu walibaki. Kutoka siku zile kila jamii ilijijengea nyumba yake yenyewe. Wakatoliki walikuwa na shule zao, hospitali zao, magazeti yao, vyama vyao vya wafanyakazi na chama chao cha siasa. Waprotestanti nao walifanya vivyo hivyo. Tena wao wenyewe walikuwa wamegawanyika: wengi walikuwa wa Eklezya ya zamani iitwayo Hervormd, wengine waliitoka katika mwaka 1886 pamoja na mchungaji Abraham Kuyper, wakawa baadaye Eklezya zilizoitwa Gereformeerd.

Lakini tusiseme kwamba hawakusaidiana hata kidogo. Katika bunge, Kuyper na padri Herman Schaepman walitambua kwamba watu wao wana shida moja, maana wote walitaka watoto wafundishwe dini shuleni. Kuyper alipokuwa waziri mkuu, mwaka 1901 mpaka 1905, Wakatoliki walimuunga mkono. Mwaka 1917 katiba ilibadilishwa, na tangu hapo serikali iligharimia shule za dini sawasawa na shule zake. Basi walipatana juu ya fedha na sheria. Katika mambo ya kumwabudu Mungu kila mmoja alibaki upande wake wa ukuta.

Mtoto wa kisiwa

Johannes de Jong alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tisa mwaka 1885, katika kijiji cha Nes, kwenye kisiwa cha Ameland. Kisiwa kile ni kidogo, chenye mchanga na upepo mwingi, kaskazini ya nchi ya Friesland. Baba yake alikuwa mwokaji wa mikate. Wakatoliki wa kisiwani waliishi karibu na Waprotestanti, kila mtu akijua jirani yake anasali wapi. Mtoto alionekana kuwa na akili, akapelekwa seminari ndogo ya Culemborg, halafu seminari kubwa ya Rijsenburg. Alipewa upadri tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 1908, siku kuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni.

Wakubwa wake walimtuma Roma, akarudi na digrii za udaktari katika filosofia na teolojia. Alitumika muda kidogo parokiani katika mji wa Amersfoort. Tangu mwaka 1914 alikuwa mwalimu wa historia ya Eklezya katika seminari ileile ya Rijsenburg. Kazi hiyo aliipenda. Aliandika kitabu kikubwa cha historia ya Eklezya, chenye mabuku kadhaa, ambacho mafratera wengi wa Uholanzi walikisoma. Alikuwa mtu wa vitabu na wa maneno machache, hakutafuta makundi ya watu wala sifa zao. Hata hivyo, aliyekwisha kujifunza miaka yote hiyo jinsi maaskofu wa zamani walivyosimama au walivyoanguka mbele ya wafalme, hakuwa mtu asiye na silaha.

Mwaka 1935 Papa Pius XI alimchagua kuwa askofu msaidizi mwenye haki ya kurithi kiti cha Utrecht. Mwezi wa pili mwaka 1936 alikuwa askofu mkuu. Watu walimpa jina la kupanga, Jan wa Chuma, kwa kuwa neno lake likitoka halikurudi.

Siku za hatari

Wakati ule Hitler alikuwa amekwisha kutawala Ujerumani. Katika Uholanzi penyewe palikuwa chama cha namna hiyo, kilichoanzishwa na Anton Mussert mwaka 1931. Maaskofu walionya waamini mwaka 1934. Mwaka 1936 walisema kwamba Mkatoliki anayekisaidia chama kile sana hawezi kupokea sakramenti. Wengine walidhani maaskofu wanaingia katika siasa. Lakini de Jong alijua kwamba mafundisho yanayoweka taifa na damu mahali pa Mungu si siasa tena, ni dini nyingine.

Tarehe 10 mwezi wa tano mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Uholanzi. Baada ya siku tano tu jeshi la nchi lilikuwa limekwisha kujitoa. Malkia Wilhelmina alikuwa amekimbilia London, na mji wa Rotterdam ulikuwa umeungua kwa mabomu. Hitler alimweka Mwaustria mmoja, Arthur Seyss-Inquart, kuwa mtawala wa nchi.

Mtawala yule alianza kwa upole. Halafu kidogo kidogo vyama, shule na magazeti vilitiwa mkononi mwa watu wake. Mwaka 1941 chama cha wafanyakazi Wakatoliki kilipewa mkubwa wa chama cha Mussert. Maaskofu waliandika barua iliyosomwa makanisani, wakawaambia wafanyakazi watoke. Wengi sana walitoka, wakaacha nyuma yao nyumba na sanduku la fedha. Maaskofu walikusanya sadaka ili kuwasaidia watu waliopoteza kazi kwa sababu ya dhamiri. Na hapo tunaona moyo wa mchungaji: asiwaamuru watu kubeba mzigo bila yeye kutia bega lake.

Mwisho wa mwaka ule magazeti yalilazimishwa kuchapa matangazo ya chama cha Mussert. De Jong alimtuma padri Titus Brandsma, Mkarmeli, mwalimu wa chuo kikuu cha Nijmegen, azunguke kwa waandishi wa magazeti ya Kikatoliki na kuwaeleza kwamba wasikubali. Padri Titus alikuwa mtu mwenye afya dhaifu, naye alijua hatari ya safari ile. Alikamatwa tarehe 19 mwezi wa kwanza mwaka 1942. Alifungwa mahali pengi, na mwisho alipelekwa Dachau. Papa Fransisko alimwandika kati ya watakatifu tarehe 15 mwezi wa tano mwaka 2022.

Neno moja kutoka vinywa vingi

Tangu mwaka 1940 Eklezya za Kiprotestanti zilikuwa na baraza lao la kushauriana juu ya mambo ya vita. De Jong hakuwa mtu wa kuchanganya mafundisho. Kwake Eklezya Katoliki ilikuwa Eklezya ya kweli, na mwalimu wa historia aliyajua mabishano yote ya zamani. Lakini aliona kwamba adui akimkuta kila mmoja peke yake, atawashinda wote mmoja mmoja. Basi Wakatoliki walianza kushauriana na baraza lile, na mwezi wa pili mwaka 1942 wajumbe wa pande zote mbili walikwenda pamoja kwa Seyss-Inquart kumlalamikia. Katika nchi ile jambo namna hii lilikuwa jipya.

Mwezi wa saba mwaka ule ilianza kazi mbaya kuliko zote. Wayuda wa Uholanzi walikusanywa na kupelekwa kwa gari la moshi upande wa mashariki. Walioambiwa kwamba wanakwenda kufanya kazi, walipelekwa Auschwitz kuuawa. Tarehe 11 mwezi wa saba Eklezya Katoliki na Eklezya za Kiprotestanti zilimpelekea Seyss-Inquart telegramu moja, zikimwomba kwa jina la haki na la huruma aache kazi ile. Telegramu haikuwaombea Wayuda waliobatizwa tu, bali Wayuda wote.

Watu wa mtawala walijibu kwa hila. Walisema kwamba Wayuda waliokwisha kuwa wakristu kabla ya mwaka 1941 hawataguswa. Eklezya zilikuwa zimekusudia kuisoma telegramu mbele ya waamini siku ya Mungu, tarehe 26 mwezi wa saba. Wakubwa wa Ujerumani walipopata habari walitaka isisomwe. Basi viongozi wote walikuwa na jambo zito la kuamua. Wakinyamaza, labda watu wao wachache watapona. Wakisema, hakuna ajuaye litakalotokea.

Viongozi wa Eklezya ya Hervormd waliamua kuiacha telegramu isisomwe. Tusiwahukumu, walikuwa wakitafuta kuokoa maisha ya watu, nao pia walikuwa wametia jina lao katika telegramu ile. Baadhi ya Eklezya nyingine za Kiprotestanti ziliisoma. De Jong alikataa kurudi nyuma. Alishika kwamba serikali haina amri juu ya lile ambalo mchungaji anawaambia kondoo wake kanisani. Tena, kukubali zawadi ya wachache na kunyamaza juu ya wengine kungekuwa kama kuuza sauti ya Eklezya. Siku ile ya Mungu barua ya maaskofu ilisomwa katika makanisa ya Kikatoliki ya Uholanzi, na telegramu ndani yake. Siku ileile, mbali kule Dachau, Padri Titus Brandsma alikufa, baada ya kupigwa sindano ya sumu.

Bei ya neno

Adui hakukawia kujibu. Siku ya Mungu iliyofuata, tarehe 2 mwezi wa nane mwaka 1942, askari waliingia katika nyumba na konventi, wakawakamata Wakatoliki wa asili ya Kiyuda. Walichukua watu zaidi ya mia mbili. Wengine waliachiliwa baadaye, lakini wengi walipelekwa Auschwitz. Mmoja wa wakubwa wa Ujerumani alisema siku ileile mbele ya watu kwamba hayo ni malipo ya barua ya maaskofu.

Kati yao alikuwa Edith Stein, mwanamke mwenye elimu kubwa ya filosofia, binti wa jamaa ya Kiyuda, aliyekuwa mtawa Mkarmeli katika konventi ya Echt kwa jina la Teresa Benedikta wa Msalaba. Alikamatwa pamoja na dada yake Rosa, akauawa tarehe 9 mwezi wa nane. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1998. Walikuwako pia ndugu watano wa jamaa moja, jamaa ya Löb, wanaume watatu na wanawake wawili, wote watawa Watrapisti. Waliitwa usiku kutoka katika sala zao, wala hakurudi hata mmoja.

Wengi wa Waprotestanti wa asili ya Kiyuda hawakupelekwa wakati ule. Kwa hiyo baada ya vita watu waliuliza, na hata leo wanauliza: je, askofu mkuu alifanya vizuri? Kama angenyamaza, Edith Stein na wenzake wangepona? Swali hili si la kutupwa upande. Wale waliokufa hawakuulizwa kama wanakubali barua isomwe. Mchungaji aliyeandika alibaki hai katika nyumba yake, nao walikwenda.

Lakini yafaa kukumbuka jambo la pili. Aliyeua si barua. Aliyeua ni yule aliyekwisha kupanga kuua. Ahadi yake ilikuwa kamba ya kuifunga midomo ya Eklezya, kamba ambayo angeweza kuikata siku yoyote aliyotaka. Na Wayuda wasiobatizwa, ambao hawakuwa na ahadi yoyote, walikuwa wakipelekwa kila juma. Uholanzi ilikuwa na Wayuda wapata 140.000. Waliopelekwa ni 107.000 hivi, na waliorudi wapata 5.000 tu. Mbele ya hesabu hiyo Eklezya zilikuwa na mali moja tu, ni sauti. Askofu mmoja aliona kwamba haifai kuificha chini ya kitanda. Uchungu wa uamuzi wake tunauacha kwa Mungu, ambaye peke yake anajua uzito wake.

Jambo la kutazama ni kwamba baada ya pigo lile hakunyamaza. Mwezi wa pili mwaka 1943 Wakatoliki na Waprotestanti walipaza sauti tena pamoja juu ya Wayuda, juu ya vijana waliokamatwa kwenda kufanya kazi Ujerumani, na juu ya watu waliouawa bila haki. Maaskofu walisema wazi kwamba mkristu hawezi kwa dhamiri njema kusaidia kazi hizo, hata akipoteza mshahara wake. Mwezi wa tano walilalamika tena pamoja, adui alipotaka kuwanyima uzazi Wayuda waliooana na wasio Wayuda.

Halafu yakaja majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945. Magharibi ya nchi hapakuwa na chakula wala kuni. Watu walikula vitunguu vya maua, na zaidi ya watu 20.000 walikufa. Hapo Eklezya zote ziliweka ofisi moja ya kutafuta na kugawanya chakula. Mtoto mwenye njaa hakuulizwa katekisimu yake. Tarehe 5 mwezi wa tano mwaka 1945 nchi ilikombolewa.

Ukuta na mlango

Mwezi wa pili mwaka 1946 Papa Pius XII alimfanya de Jong kuwa kardinali, wa kwanza kati ya maaskofu wakuu wa Utrecht tangu mwaka 1853. Watu wa dini zote walifahamu kwamba heshima ile ni ya barua zile.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hayo ukuta ulianguka. Haukuanguka. Wengine walitaka Wakatoliki na Waprotestanti waviache vyama vyao na kufanya vyama vya pamoja, lakini Kardinali hakutaka. Aliogopa kwamba imani isiyo na nyumba yake itapotea njiani. Mwaka 1948 Baraza la Eklezya la Ulimwengu lilizaliwa katika mji wa Amsterdam, katika nchi yake mwenyewe, na Wakatoliki hawakuwako. Maaskofu waliwaeleza waamini sababu yake, wakawaomba wasali kwa ajili ya umoja. Lakini mwaka uleule chama cha Mtakatifu Willibrord kilipewa kazi ya kutafuta umoja wa wakristu, na padri Johannes Willebrands akawa mkubwa wake. Padri huyo, mwaka 1960, aliitwa Roma kuwa katibu wa ofisi ya umoja wa wakristu, akatumika katika Mtaguso wa pili wa Vatikano. Baadaye, mwaka 1975, yeye mwenyewe aliketi katika kiti cha Utrecht. Basi mzee aliyeulinda ukuta ndiye aliyeacha mlango wazi.

Afya ya Kardinali ilikuwa imevunjika. Mwaka 1951 alipewa msaidizi, Askofu Bernardus Alfrink, naye akapumzika Amersfoort, mji alioanzia kazi ya upadri. Mwaka 1954 maaskofu wa Uholanzi walitoa barua kali ya kuwakataza Wakatoliki kuingia katika vyama vya wasosialisti, na wengi walihuzunika. Hiyo ilikuwa kama sauti ya mwisho ya nyakati za zamani. Kardinali de Jong alikufa tarehe 8 mwezi wa tisa mwaka 1955, siku ya kuzaliwa kwake Bikira Maria, siku mbili tu kabla ya kutimiza miaka 70.

Mwaka 1968 Baraza la Eklezya za Uholanzi lilianzishwa, na Wakatoliki walikuwamo tangu siku ya kwanza. Mwaka 2004 Hervormd, Gereformeerd na Waluteri walirudiana, wakawa Eklezya moja. Ni kweli kwamba katika miaka hii waamini wa nchi ile wamepunguka sana, na makanisa mengi yamefungwa. Lakini wale waliobaki husali pamoja bila woga, na hakuna anayeshangaa.

Ndugu wapenzi, sisi nasi tunaishi karibu na majirani wanaomwita Kristu Bwana katika kanisa jingine. Sisi nasi tumeona vita, na watu waliochukuliwa usiku. Kardinali de Jong hakungoja mabishano yote yaishe ndipo asimame na ndugu yake. Alisimama naye siku jirani wa tatu, aliyekuwa si Mkatoliki wala si Mprotestanti, alipokuwa akipelekwa kufa. Tumwombe Mungu atupe wachungaji wa namna hiyo. Na tuwaombee wale waliolipa bei ya neno lao, ili Bwana awapokee katika amani yake.